Usiku Nao ni Zawadi



Alhamisi moja, baada ya maombi ya umoja wetu wa akina mama, tulibaki kanisani tukisubiri mvua ikatike. Mama mmoja akatoa simu yake, akatuonyesha habari aliyotumiwa na mwanawe anayesoma mjini. Habari yenyewe ilisema kwamba Wamarekani wanataka kuwasha jua usiku. Mara kukawa na kelele. Mmoja alisema hizi ndizo siku za mwisho, tufunge na kuomba. Mwingine alicheka, akasema heri lije upesi, maana umeme unakatika na watoto wanashindwa kusoma. Ndipo mama mmoja mtu mzima, aliyelea watoto sita kwa kuanika na kuuza dagaa, akanigeukia.

"Sista, wewe umesoma. Hilo jua lao likiwaka huku ziwani, sisi dagaa tutawapata wapi?"

Wanawake wakacheka, lakini yeye hakucheka. Nami sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe wiki moja.

Kwa msomaji asiyeishi kando ya Ziwa Victoria, yafaa nieleze. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi hutoka na taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola, nao dagaa huufuata ule mwanga na kukusanyika penye nyavu. Mbalamwezi ikiwa kubwa, mwanga umetapakaa ziwa zima na dagaa hawakusanyiki. Wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu zao. Kwa hiyo akina mama wa dagaa huyahesabu maisha yao kwa mwezi. Ada ya shule, deni la dukani, hata ahadi ya kanisani, vyote hungojea giza lirudi.

Katika wiki ile nilisoma na kuuliza, maana kuuliza si ujinga. Kwanza, hakuna jua la pili. Kinachozungumzwa ni kioo. Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuwaona watoto wakichukua kipande cha kioo na kuuelekeza mwanga wa jua ukutani. Jambo ni lile lile. Huku kwetu jua likiwa limekwisha kuzama, huko juu sana mbinguni bado linawaka. Kampuni moja ya California nchini Marekani, iitwayo Reflect Orbital, inataka kurusha setilaiti zenye karatasi nyembamba inayong'aa kama kioo, ziurudishe mwanga huo duniani kwa wanaoulipia. Mwaka 2025 iliomba kibali kwa Tume ya Mawasiliano ya Marekani ili irushe setilaiti ya kwanza. Kioo chake ni mita 18 kila upande, na kimo chake kilomita zipatazo 625 kutoka ardhini. Kampuni hiyo imesema inakusudia kuwa na maelfu ya setilaiti za namna hiyo ifikapo mwaka 2030.

Wala wazo hili si jipya. Tarehe 4 Februari 1993 Warusi walikunjua kioo cha upana wa mita 20 kutoka kwenye chombo cha mizigo kilichokuwa karibu na kituo chao cha anga cha Mir. Walikiita Znamya, yaani bendera. Duara la mwanga lenye upana wa kilomita zipatazo tano lilipita upesi juu ya Ulaya, kutoka Ufaransa hadi Urusi. Nia yao ilikuwa kuiangazia miji ya kaskazini ambako wakati wa baridi usiku ni mrefu mno. Februari 1999 walijaribu tena kwa kioo kikubwa zaidi, kikanasa kwenye antena ya chombo chenyewe na kuchanika. Mpango ukaishia hapo.

Je, mwanga huo ni mkali kiasi gani? Nilichukua kalamu nikapiga hesabu, kama tunavyofanya tunapopima dawa. Kioo cha mita 18 kwa 18 kinakusanya mwanga wa eneo la mita za mraba 324. Mwanga huo, ukifika chini, unatandazwa katika duara la kilomita tano hivi, yaani karibu mita za mraba milioni 20. Ni kama kuchukua kijiko kimoja cha siagi na kuipaka mikate ya shule nzima. Haufikii hata sehemu moja ya 50,000 ya jua la mchana. Ni wa kulinganishwa na mbalamwezi, nao hudumu dakika chache tu kabla setilaiti haijapita. Ndiyo maana wanasema habari za maelfu, kwa kuwa kimoja hakitoshi.

Basi tusitishane bure. Lakini pia tusilale.

Nataka kusema kweli mbele za Mungu: mimi si adui wa mwanga. Katika miaka yangu ya kwanza ya uuguzi nilipangiwa zahanati isiyokuwa na umeme. Usiku mmoja alikuja mama mwenye uchungu, mimba yake ya nne. Mtoto alizaliwa salama, lakini baada ya kondo kutoka damu haikukoma. Nilikuwa na chemli moja, nayo mafuta yalikuwa yanakwisha. Mkunga wa jadi aliyemsindikiza aliishika juu ya kichwa changu huku mimi nikilikanda tumbo la uzazi na kutafuta palipochanika. Utambi ukaanza kufifia. Nilimlilia Mungu kwa sauti: Bwana, nipe mwanga! Yule mama alipona, na leo binti yake ana watoto. Lakini kwa muda mrefu baadaye, kila jua lilipozama moyo wangu ulishtuka. Mtu angenijia wakati ule akaniambia kuna kioo mbinguni cha kumulika zahanati yangu, ningempigia magoti.

Miaka mingi baadaye wahisani walituletea sola na betri. Kwa mara ya kwanza nilizalisha mama nikiona vidole vyangu vyote. Na alfajiri, baada ya mtoto kunyonya, mama yule aliniambia, "Sista, zima basi tulale." Nikabonyeza swichi, na chumba kikawa giza, nao wakalala.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Taa njema ni ile ambayo mwenye nyumba anaweza kuizima. Kioo cha angani swichi yake iko kwa mwenye kampuni, na mteja ni aliyelipa. Kampuni inasema mwanga utaelekezwa penye mteja tu. Lakini duara la kilomita tano halijui mpaka wa shamba. Akilipa mmoja, kijiji kizima kitamulikwa, pamoja na mgonjwa anayetafuta usingizi na mvuvi anayengojea giza.

Nasema hivi kwa kuwa usiku usio na usingizi naujua. Nimefanya zamu za usiku kwa miaka. Nilikuwa nikirudi asubuhi natundika blanketi dirishani ili niudanganye mwili kwamba ni usiku, lakini mwili haudanganyiki upesi. Watoto wangu waliokuwa wadogo walijifunza kunyata, maana mama yao alikuwa mkali kama pilipili. Alfajiri moja nilichota dawa kipimo mara mbili ya kile kilichoandikwa kwenye cheti cha mtoto. Mwenzangu aliniona akanishika mkono. Ningekuwa peke yangu, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Wataalamu wanatueleza sababu. Ndani ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya mchele, ambayo giza likiingia hutoa homoni iitwayo melatonini. Hiyo ndiyo huuambia mwili kwamba sasa ni usiku, pumzika. Mwanga huizuia. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani, na mwaka 2019 likathibitisha hivyo tena. Uamuzi huo ulihusu zamu zetu, si vioo vya angani, na mwanga mdogo kama wa mbalamwezi si sawa na taa ya wodini. Hata hivyo unatufundisha kwamba usiku si muda uliopotea. Usiku ni dawa, na dawa haichezewi.

Tena si sisi peke yetu. Kasa wachanga wanaoanguliwa ufukweni kule Mafia hutoka mchangani usiku na kuifuata bahari kwa kuwa upeo wake una mwanga kuliko nchi kavu. Mwanga mwingine ukiwavuta, hupotea na kufa. Ndege wengi husafiri usiku. Mtama wetu wa asili huupima urefu wa usiku ili ujue wakati wa kutoa maua. Wanaastronomia wa Marekani nao wamelalamika kwamba nyota zitafunikwa, na kwamba mwanga wa ghafula waweza kumpofusha kwa muda dereva au rubani. Mwezi wenyewe, ambao Mungu aliuweka, una siku zake za kupungua na kutoweka. Hata mwezi hupumzika.

Tukisoma Mwanzo sura ya kwanza tunaona kwamba Mungu alipoumba nuru hakuliondoa giza, bali alivitenganisha na kulipa kila kimoja jina lake na zamu yake. Zaburi ya 104 nayo inaueleza usiku kuwa wakati wa wanyama wa mwituni, na mchana kuwa wakati wa mwanadamu kwenda kazini. Mimi nasoma hapo kwamba giza si mali ya Shetani. Lina mwenyewe.

Waswahili husema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kurusha vioo elfu kwaweza kuwa kazi ya miaka michache. Kuyaondoa madhara yake, hiyo ni ngoma nyingine.

Alhamisi iliyofuata nilimjibu yule mama. Nilimwambia, "Mama, kwa sasa dagaa wako wapo. Kioo kimoja hakitawafukuza. Lakini vikija maelfu, swali lako ndilo wanalopaswa kulijibu kabla ya kuvirusha." Alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Sasa hao wakubwa watalisikiaje, na mimi niko huku?" Sikumdanganya. Nilimwambia ndiyo maana nitaandika gazetini, na kwamba anga ni ya wote, hivyo serikali yetu nayo ina haki ya kusema kwa niaba yetu katika vikao vya mataifa.

Nanyi akina mama, tuanze nyumbani. Tuulinde usiku wa watoto wetu. Simu zilazwe mapema, zisiwe mtoni. Taa izimwe watu wanapolala. Mwenye mume au binti wa zamu za usiku amtengenezee chumba chenye giza na utulivu mchana, wala asimwite mvivu. Na siku moja moja, umeme ukikatika, badala ya kunung'unika watoeni watoto nje muwaonyeshe nyota.

Juzi nilipita kwa yule mama jioni. Mwezi ulikuwa umeandama siku chache tu, mwembamba kama ukucha. Alikuwa anakunjua nyavu za kuanikia, akijiandaa kwa mzigo wa alfajiri. Aliangalia juu, akasema, "Leo kuna giza zuri." Nikaitikia, amina.