Ukiandika K, nusu ya Nairobi inakuja

Wadau, kama kazi yako inahusu magharibi ya Nairobi, herufi K itakutesa: Kabete, Kangemi, Karen, Kawangware, Kibera, Kileleshwa, Kilimani. Mimi hushughulikia faili la vituo vya kupelekea mizigo, na Emacs hunipendekezea majina ninapoandika.

Kuna kazi mbili hapa. Kwanza kuchuja: jina lipi libaki? Tangu Emacs 27 ya mwaka 2020 kuna mtindo uitwao flex. Herufi zako zikifuatana ndani ya jina, hata kwa kurukaruka, jina linabaki. "klm" huacha Kilimani pekee, lakini "kng" huacha mawili: Kangemi na Kawangware.

Pili kupanga: lipi liwe juu? Hapa ndipo penye hatari. Mkono ukishazoea hubonyeza Enter kabla jicho halijasoma, na mzigo wa mtu wa Kawangware unashushwa Kangemi. Kwa hiyo sitaki orodha inayojipanga upya kufuata nilichochagua jana. Nimeiandikia kanuni moja: alfabeti tu, kila siku.

Kuchuja kuwe kwa ulegevu, kupanga kuwe na msimamo. Kuandika "kwr" ni rahisi kuliko kulipia bodaboda mara ya pili.