Riba ya Benki Kuu na Mvuvi wa Ujiji

Sisi watu wa Ujiji tu wenyeji wa mambo ya fedha. Mwingereza Cameron, aliyefika hapa mwaka 1874, aliwakuta sokoni watu wenye mikoba ya shanga za sofi, ndizo fedha za hapa siku zile. Asubuhi waliwabadilishia wanunuzi shanga zao kwa sofi, na soko likivunjika walibadilisha tena na wauzaji, wakichuma mara mbili.

Leo mkoba umo mikononi mwa Benki Kuu ya Tanzania. Mwezi wa Januari 2024 ilianza kutangaza riba yake, asilimia 5.5, Aprili ikawa 6, na Julai 2025 ikashuka kuwa 5.75. Riba hiyo ikipanda, mikopo ya mabenki huwa ghali, watu wakakopa kidogo, na bei za vitu zikapoa.

Vijana wetu wametuuliza barazani: je, amri hiyo humfikiaje Mwislamu aliyeikimbia riba?

Mvuvi wa dagaa ataka injini. Benki ya Kiislamu, mfano wa Amana iliyofungua milango mwaka 2011, huinunua na kuimiliki, kisha humwuzia kwa faida iliyo wazi, naye akalipa kidogo kidogo. Hiyo ndiyo murabaha. Bei ikishakubaliwa haipandi, hata Benki Kuu ikitangaza nini. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, deni la namna hiyo halikuwa na ruhusa ya kuzaa. Na Aya ya 280 ya Suratul Baqara yataka mdaiwa mwenye dhiki apewe muda.

Lakini mvuvi ajaye kesho atauziwa kwa bei gani? Hapo ndipo penye uchungu. Aghalabu mabenki ya Kiislamu ulimwenguni hupima faida yao kwa kutazama riba ya soko. Basi amri ya Benki Kuu humfikia huyu wa pili, japo kwa kuchelewa. Wanachuoni wengi wameupitisha mkataba huo, nasi hatubishi. Ila hatupendezwi kuona halali ikipimwa kwa mizani ya haramu.

Iliyo bora ni musharaka, benki na mvuvi wagawane faida ya kazi yenyewe. Mabenki huiogopa. Ajabu ni kwamba katika mialo ya Kibirizi na Katonga mwenye chombo na wavuvi wake wamezoea kugawana mapato ya usiku. Wanachokosa ni daftari.