Kompyuta Isiyotulia

Jioni moja huko Janga (jina la mahali katika Kibaha, si la tukio), mwalimu mmoja aliiacha kompyuta yake ikipokea masasisho, na umeme ukakatika kazi ikiwa nusu. Uliporudi, chombo kiliwaka, kikaonyesha alama yake, kikazima. Kikawaka tena, kikazima tena, mfano wa mtu aamkaye na kusahau aliloamkia. Ndani yake zilikuwamo alama za wanafunzi za muhula mzima, na nakala nyingine hakuwa nayo.

Fundi wa kwanza alishauri "kupiga Windows" upya. Shauri hilo ni jepesi mno: huponya mashine kwa kufuta kumbukumbu zake. Mwalimu alilikataa. Fundi wa pili, mtu wa maneno machache, alisema kuwa mashine iliyokuwa nzima jana haikuharibika yote leo. Mwenye ugomvi ni mgeni aliyeingia mwisho. Alichomoa vyote vilivyochomekwa, akaikatiza mara tatu ilipojaribu kuwaka, mpaka ukurasa wa matengenezo ukatokea. Hapo aliliondoa sasisho la mwisho peke yake.

Hata wakubwa wamefikwa na hayo. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike lilizitia kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani katika mzunguko kama huo. Safari za ndege zikavunjika, na dawa ya nyingi ilikuwa kufuta faili moja, mashine baada ya mashine, kwa mkono.

Ile ya Janga ilipotulia, mwalimu hakuanza na shukrani. Alichomeka flashi, akanakili alama zote, ndipo akamwagizia fundi chai.