Ua la Usambara Penye Mtungi Wetu

Walimu wenzangu wakija nyumbani kwangu hapa Nachingwea, wakiisha kuamkiwa na kupewa kiti, macho yao huenda penye mtungi wa maji, kwa kuwa kando yake pana vyungu vitano vidogo vyenye maua ya zambarau. Huniuliza, "Mwalimu, maua haya umeyapata wapi, nayo yanaishije huku kwetu, ambako mwezi wa Oktoba hata nyasi za kiwanja cha shule hazibaki?" Nami kwa muda mrefu nalikuwa nikiwajibu kwa maneno mafupi, maana habari yenyewe ina aibu yangu ndani yake. Lakini mke wangu amesema niiandike yote au nisiiandike kabisa. Basi naiandika.

Nalipokuwa nikisoma ualimu huko Korogwe, mwanafunzi mwenzangu alinichukua siku za likizo kwenda kwao, kijiji kilicho chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, upande wa Muheza. Bibi yake alikuwa ameyapanga maua haya barazani, upande usiopigwa na jua, ndani ya makopo ya mafuta. Sikuwa nimepata kuona mmea wa namna ile: majani manene ya mviringo, yenye manyoya laini, yametandaa chini kama sahani, na katikati yamesimama maua madogo, kila moja lina vidoto viwili vya manjano. Nikasema, "Bibi, maua haya ya Ulaya ni mazuri." Yule bibi akacheka sana, akanyosha kidole mlimani, akasema, "Mjukuu wangu, haya ni ya kwetu. Ulaya yalikwenda kutembea tu."

Nalipochunguza baadaye naliona kwamba bibi alisema kweli. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, aliyaona kwenye miamba ya chokaa karibu na Tanga, na tena ndani ya msitu wa Usambara. Akampelekea baba yake huko kwao. Baba naye akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Huyo ndiye aliyelipa ua jina la Saintpaulia ionantha mwaka 1893, kwa heshima ya jamaa ile. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua Armacost & Royston wa Los Angeles waliotesha mbegu zilizotoka Ulaya, wakachagua aina kumi za kuuza, na tangu hapo Wamarekani wakalipenda ua hili mno; mwaka 1946 wapenzi wake wakaunda chama chao wenyewe. Leo aina zilizozalishwa na watu ni maelfu, nyeupe, za waridi, zenye pindo kama la kanga. Mwaka 2015 wataalamu wa mimea waliliingiza ua hili katika kundi la Streptocarpus, lakini wauzaji hawakujali, wanalitaja kwa jina lile la kwanza. Waingereza huliita violeti ya Afrika, ingawa halina udugu na violeti ya kwao. Wajerumani huliita violeti ya Usambara, nami naona hao wamesema vizuri zaidi.

Bibi akanikatia majani matatu, akayafunga katika kitambaa chenye unyevu, akayatia koponi. Akanionya nisithubutu kupanda mlimani kwenda kung'oa mashina. Na onyo lake ni la haki, maana ua hili kwa asili huota Tanzania na Kenya tu, na baadhi ya aina zake zimo katika hatari ya kutoweka, kwa sababu miti inayoyatia kivuli imekatwa. Msitu wa Amani umekuwa hifadhi tangu mwaka 1997. Tena hakuna haja ya kung'oa, kwa kuwa jani moja la nyumbani laweza kuzaa miche mitano au sita, yote yenye sura ya mama yao.

Kupanda jani ni kazi nyepesi, nami nitaieleza kwa ajili ya wenye nyumba watakaopenda kujaribu. Chagua jani lililokomaa, si lile kuukuu la pembeni wala changa la katikati. Likate kwa kisu kikali pamoja na kikonyo chake, ukibakiza kikonyo cha sentimita 3 au 4, mkato uwe wa mshazari. Changanya mchanga wa mtoni uliooshwa na mboji ya majani ya mwembe, sawa kwa sawa. Chini ya chungu tia vipande vya mkaa ili maji yapite, na chungu chenyewe kiwe na tundu. Chomeka kikonyo kiingie sentimita 2 tu, nyunyiza maji kidogo, kisha funika kwa bilauri au chupa ya maji iliyokatwa kitako. Baada ya wiki tatu au nne mizizi hutoka. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona vijani vidogo vikichungulia penye kikonyo. Vikiisha kupata nguvu, tenga kila mche chungu chake. Ua la kwanza hutoka karibu na kutimiza mwaka, mara nyingine mapema. Asiyeweza kungoja na apande mchicha.

Mimi naliyapanda hivyo hivyo, na majani mawili kati ya matatu yakazaa. Ndipo lilipoanza kosa langu.

Kiangazi kilipokaza, maji yakawa shida kwetu. Mke wangu alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kupanga ndoo kisimani, naye hurudi jua limekwisha kuchomoza. Mimi nalikuwa nikiona joto lile, nikajisemea kwamba mmea wa mlimani lazima una kiu, nikachota bakuli zima asubuhi na bakuli zima jioni, nikaumwagia juu ya majani. Mimi mwenyewe sikuwa nimeteka ndoo hata moja. Siku moja mke wangu aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, ua hili litaliwa?" Nikamjibu kwa ukali kwamba si kila kilicho chema huingia chunguni. Akanyamaza, nami nikahesabu kunyamaza kwake kuwa ni kukubali.

Majani yakaanza kulegea. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Sasa najua kwamba mizizi ikikaa majini huoza, na mizizi iliyooza haiwezi kunywa, basi mmea hunyong'onyea mfano wa mwenye kiu huku miguu yake imezama. Tena maji ya baridi yakianguka juu ya majani yenye joto huacha mabaka ya rangi ya kutu. Siku nilipogusa moyo wa mche wa mwisho, uling'oka mkononi mwangu kama ndizi iliyooza. Nikavitupa vyote jalalani kwa hasira, kesho yake nikasafiri kwenda Lindi kwa kazi ya mitihani.

Naliporudi baada ya wiki tatu, naliona penye mtungi kigae cha chungu kilichovunjika, ndani yake mchanga, na katika mchanga limesimama jani moja, bichi, zima. Mke wangu alikuwa ameliokota jalalani. Nikamwuliza, "Mama, umelipa maji kiasi gani?" Akasema, "Hata kata moja sikulipa. Mtungi unatoka jasho, nalo linakunywa jasho la mtungi." Kisha akaongeza, pasipo kuinua sauti, "Maji uliyoyamwaga yangalifulia nguo za watoto."

Sikuwa na la kusema. Jumamosi ile nikafunga madumu mawili juu ya baiskeli, nikaenda kisimani pamoja na wanangu wawili wa kiume. Wanawake waliokuwapo wakacheka kumwona mwalimu katika safu ya ndoo, na mmoja akaniuliza kama mke wangu ni mgonjwa. Wiki ya tatu wakazoea.

Jani lile likazaa miche minne, na hivi vyungu vitano vyote ni uzao wake. Nimefikiri sana kwa nini penye mtungi pakalifaa. Pale karibu na Tanga, ua hili lilipoonwa kwenye miamba, ni karibu na bahari, nako kuna joto jingi. Basi joto la kiasi silo linaloliua. Linaloliua ni jua kali, upepo mkavu, na udongo uliolowa daima. Mtungi wa udongo hutoa unyevu kidogo kidogo, hewa iliyo karibu nao hupoa, na mwanga wa mlangoni hulifikia bila jua lenyewe. Siku hizi natia kidole katika udongo. Ukiwa mkavu juu, nakiweka chungu katika kisahani cha maji yasiyo baridi kwa muda wa nusu saa, kisha nakitoa. Maji yanayobaki hupewa mchicha. Shemeji yangu aliye Ruangwa alichukua jani, akaliweka kwenye dirisha la magharibi, likaungua siku ya nne. La pili alilitia kivulini, nalo limekwisha kuchanua mara mbili.

Juma lililopita mwanafunzi wa darasa la sita alikuja kuomba jani. Mke wangu akamtazama, akamwuliza kwanza, "Kwenu maji huteka nani?" Mtoto akasema, "Mimi, mama." Ndipo akachukua kisu, akamkatia majani mawili, akayafunga katika kitambaa chenye unyevu.