Mtajisomea Wenyewe

Nipo Nyambureti, Serengeti, kikazi, na nimemkumbuka mwalimu wangu wa baiolojia. Tulipofika mada ya uzazi alifunga kitabu: "Hii mtajisomea wenyewe." Darasa zima tukacheka. Mwaka haukuisha, msichana wa dawati la mbele yangu akapata mimba, shule ikaishia hapo. Mimi nilikuwa sijui kitu kama yeye. Ponapona yangu ni kuzaliwa mvulana.

Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Safi sana. Lakini arudi akute kitabu kimefungwa vilevile? Huku Mara, kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa tangu 1998, na ngariba bado wapo. Mwalimu akiona haya kufundisha, wao hawaoni.

Wadau, nyie nani aliwafundisha?