Jinsi Tulivyouza Sauti Zetu

Wengi mnatuuliza hii kazi ya kurekodi matangazo tuliipataje, basi tueleze.

Hapa Juba tangazo halitoki kwa lugha moja. Kuna Kiarabu cha Juba, Kiingereza, Kidinka, Kibari, na sokoni Kiswahili cha Waganda, Wakenya na Wakongo. Tukasema sauti tunazo, wacha tuziuze.

Mara ya kwanza tuliharibu. Tuliandika barua pepe moja ndefu, tukaituma kwa watu 40 kwa mpigo, na kila mtu akaona anwani za wenzake. Rekodi tuliyobandika ilikuwa nzito, na kwa bando za hapa nani ataifungua? Jibu lilikuja moja: "Msiniandikie tena." Jamani, tuliona aibu, na hela ya bando tulikuwa tumekopa.

Mara ya pili tukachagua watu 7 tu, wale waliowahi kutusikia tukitafsiri mikutanoni. Kila mmoja barua yake, kwa jina lake, mistari mitatu na sauti ya sekunde 20. Chini tukaandika: ukichoka nasi, tuambie tuache. Kila mwezi tunatuma sauti mpya, na si kila mara tunaomba kazi.

Wawili wamejibu. Mmoja ametupa tangazo la kunawa mikono, tukalirekodi usiku darasani, magodoro ukutani, jenereta ikishazimwa. Deni la bando limeisha. Yule wa pili bado anasema, "Wiki ijayo."