Chumvi ya Kakamega Yatoka Wapi?

Mgeni apitaye katika soko la Kakamega ataona mboga za kila namna, kunde, mrenda, mnavu na saga, zimepangwa kwa mafungu juu ya magunia. Akiingia katika maduka makubwa ya mji ataona pia chumvi za namna mbili. Moja ni ile ya unga mweupe iliyotiwa katika pakiti, ambayo karibu kila nyumba yaitumia. Ya pili ni ya chenga kubwa, iitwayo “chumvi ya bahari”, nayo bei yake imepanda zaidi. Husemwa ya kwamba hii ya pili ina afya kuliko ile ya kwanza. Je, maneno hayo ni kweli?

Ili tupate jibu, yatupasa kuifuata chumvi mpaka kwao. Tuondoke Kakamega, mji ulioinuka mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, tupite Kisumu, Nakuru na Nairobi, tushuke Mombasa, kisha tufuate pwani kwenda kaskazini hata tuipite Malindi. Baada ya safari ya yapata kilometa 1,000 tutafika Gongoni na Ngomeni, katika Kaunti ya Kilifi. Pande hizo ndizo zitoazo sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya.

Huko maji ya Bahari ya Hindi huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, yakaachwa juani. Kila lita ina yapata gramu 35 za chumvichumvi. Jua na upepo huyapunguza maji polepole, nayo hupitishwa kutoka bwawa hili hadi lile yakizidi kuwa makali. Chokaa na jasi hutangulia kutuama, ndipo chumvi yenyewe huganda, na maji machungu yabakiayo huondolewa. Kisha chumvi huvunwa, huoshwa, husagwa, hutiwa madini ya iodini na kupakiwa. Basi chumvi ya kawaida tuilayo, kwa sehemu kubwa, nayo ni chumvi ya bahari. Zile mbili za dukani ni watoto wa mama mmoja.

Tofauti yao iko wapi? Ile isiyosafishwa sana ina magnesiamu na kalisiamu, lakini ni kidogo mno hata haimfai mlaji kitu. Atapata zaidi katika kunde na maharagwe. Katika zote mbili, yapata sehemu 40 kwa 100 za uzito ni sodiamu, ambayo ikizidi mwilini hupandisha shinikizo la damu. Kijiko cha chenga kina uzito mdogo kuliko kijiko cha unga, kwa kuwa hewa hukaa kati ya chenga. Lakini ukizipima kwa mizani hazipitani.

Jambo kubwa ni iodini. Katika nchi za milima na mvua nyingi, mara nyingi mvua huiosha iodini udongoni, na mazao huikosa. Mtu asiyeipata ya kutosha aweza kufanya uvimbe wa shingo uitwao rovu. Na mama mjamzito akiikosa sana, akili ya mtoto wake yaweza kudumaa. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1978 sheria ya Kenya imetaka chumvi ya kuliwa itiwe iodini. Wengi hudhani ya kuwa chumvi ya bahari ina iodini ya asili ya kutosha, lakini sivyo. Mtu aachaye pakiti ya bei nafuu akanunua chumvi ya fahari isiyotiwa iodini, ametoa fedha nyingi kwa kitu kipungufu.

Wako pia wasifuo munyu wa wazee wetu Waluhya, uitwao musherekha, ambao haujaachwa hata leo. Mabua makavu ya maharagwe huchomwa, majivu yake hutiwa katika chombo chenye matundu, na maji humiminwa juu yake yakachujika. Maji hayo hulainisha mboga ngumu na kuzitia ladha nzuri. Lakini nguvu yake yatokana hasa na potasiamu ya majivu. Ni kiungo chema cha mboga, wala hakiwezi kushika mahali pa chumvi yenye iodini.

Basi, ndugu msomaji, unaponunua chumvi tazama kama pakiti imeandikwa kuwa imetiwa iodini. Iweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, maana iodini hupotea. Tena ipime: Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate na vyakula vya dukani. Na mwenye kupika ugali na mboga kwa nyumba nzima na aonje kwanza kabla ya kuongeza.